Binti yangu ameanza kuishi na kijana Roysambu, nimwambie nini zaidi ya "ni dhambi"?

MamaWaUmoja

Tumsifu Yesu Kristu ndugu zangu, na kwa Waislamu walio humu salaam aleikum. Naomba mnisaidie mawazo na tafadhali msinitumie mistari peke yake, mistari ninayo, nimekuwa kwa jumuiya zaidi ya miaka ishirini.

Nina binti wa miaka 22, yuko mwaka wa tatu chuo kikuu. Muhula huu aliniambia ametoka hosteli amepata nyumba Roysambu na rafiki, nikaona sawa. Ijumaa iliyopita nikafunga viazi kwa gunia dogo na unga pakiti mbili nikapanda matatu kumpelekea bila kumwambia nakuja. Hiyo matatu yenyewe jameni, skrini kubwa hapo mbele, muziki wa kupasua masikio, na video ni wasichana karibu uchi wanapigwa picha kiuno tu, uso hata hauonyeshwi. Kando yangu kulikuwa na katoto ka shule, labda darasa la tatu ama la nne, sare na begi mgongoni, kanaangalia tu bila kupepesa macho. Nikamwambia kondakta apunguze hayo mambo kuna mtoto hapa, akaniambia mathe hii ni nganya, matatu ya vijana, ukitaka kwaya subiri basi ya kanisa. Watu wakacheka. Mimi niliendelea kuangalia hako katoto mpaka kakashuka Allsopps.

Nikafika kwake. Bedsita ya chumba kimoja, pazia imegawanya kitanda na jiko, na pale kwa sinki kuna kikombe kimoja cha plastiki na miswaki miwili ndani. Viatu vya mwanaume vimepangwa vizuri karibu na mlango. Nilikaa kwa kitanda juu hakuna kiti. Akaniambia, "Mum usianze. Huu ni mwili wangu na tunapendana, siku hizi hakuna mtu anangoja harusi, hayo yalikuwa ya enzi zenu, saa hii watu wako huru." Nikamwambia ni dhambi. Akaniangalia akasema, "Sawa, ni dhambi. Na nini ingine?"

Hakuwa na madharau, hilo ndilo linaniuma. Alikuwa anauliza kweli. Na mimi mama yake, niliyempeleka ubatizo na komunio ya kwanza na kipaimara, sikuwa na nini ingine. Nikamimina viazi kwa karai nikarudi nyumbani.

Naamini kabisa kwamba hawa watoto wamedanganywa. Wameambiwa mwili ni kitu cha kujaribu kama nguo ya mtumba ya Gikomba, ukiona haikutoshi unarudisha. Lakini mimi nikiwa msichana sista alituambia tukunje miguu na tufunike magoti, wavulana wakaambiwa waende wacheze mpira, mafundisho yakaisha hapo. Sasa nitampa nini huyu mtoto? Wanaojua naomba mnifundishe.

Katekista_Mzee

Milele amina mama. Kwanza usijilaumu, kosa ni letu sisi tuliofundisha. Nimefundisha katekisimu hapa Nairobi tangu miaka ya themanini na nitakwambia ukweli, tuliwapa watu amri bila sababu, na dunia ikawapa sababu bila amri, wakaenda na dunia.

Sababu ziko, na ni za zamani. Mpaka mwaka 1930 karibu makanisa yote ya Kikristo yalikuwa na msimamo mmoja kwamba tendo la ndoa, ndoa yenyewe na watoto ni kamba moja iliyosokotwa. Mwaka huo maaskofu wa Anglikana wakikutana Lambeth kule London wakafungua mlango kidogo kwa wenye ndoa kutumia vizuizi vya uzazi, Papa Pio XI akawajibu mwaka huo huo ukiisha. Alafu mwaka 1960 Marekani ikaruhusu vidonge vya kuzuia mimba, na hapa kwetu mpango wa uzazi wa serikali ulianza 1967, tulikuwa kati ya nchi za kwanza kabisa Afrika. Mwaka 1968 Paulo VI akatoa barua yake ya Humanae Vitae na akatukanwa dunia nzima, hata na mapadri. Watu wanakumbuka alikataza vizuizi vya uzazi, hawakumbuki alionya nini. Alisema mkitenganisha hivi vitu, uaminifu kwa ndoa utalegea, maadili yatashuka, na mwanaume atamzoea mwanamke mpaka asimheshimu tena, amfanye chombo cha kukata kiu yake. Pia akasema serikali zitaanza kulazimisha watu idadi ya watoto, na China tuliiona. Sasa rudi kwa hiyo skrini ya matatu yako, kiuno bila uso. Huyo mzee alikuwa anakosea wapi?

Na kuna jambo la pili, hili ndilo ningemwambia binti yako. Yohane Paulo II alipokuwa papa alichukua Jumatano zake nyingi kuanzia 1979 mpaka 1984 akifundisha juu ya mwili peke yake. Alikuwa anasema mwili una lugha. Mtu akijitoa hivyo kwa mwingine, mwili unatamka "mimi ni wako wote, milele", hata kama mdomo unasema tuone kwanza, nimalize shule, tujaribu. Basi hapo mtu anasema uongo kwa mwili wake bila kujua, na siku wakiachana anashangaa kwa nini anaumia hivyo na si walikubaliana hakuna kitu? Mwili ulikuwa umekubaliana kitu kingine.

Lakini nikubali kosa pia. Miaka ya 1990 Kadinali Otunga, askofu mkuu wetu wa Nairobi wakati huo, Mungu amrehemu, alichoma kondomu hadharani hapa Nairobi akiwa na kiongozi wa Waislamu, na mimi nilikuwa upande wake na bado niko. Ila ule moto ukizima tulirudi nyumbani. Ukimwi ulikuwa unamaliza vijana, 1999 Rais Moi akatangaza ni janga la taifa, na sisi hatukuwa tumekaa chini na kijana hata mmoja tumweleze kwa nini tunasema tunachosema. Nilizika wanafunzi wangu watatu wa kipaimara. Hiyo iko kwa roho yangu mpaka leo.

Ochi_Pipeline

Mathe shikamoo. Mimi ni mse wa 27 na nitaongea upande wa huyo kijana juu hapa kila mtu ataongea upande wa msichana. Mimi pia naishi hivyo, keja moja na dem wangu hapa Pipeline mwaka wa pili sasa, na mimi ni mtu wa kanisa, huwa naenda. Mnasema tumedanganywa na tamaduni za kisasa na mimi naweza kubali kiasi, hiyo skrini nakubali, simu nakubali, kuna vitu niliangalia nikiwa na miaka 12 natamani mtu angenipokonya hiyo simu. Lakini mkiongea juu ya harusi mnaongea kama ni kitu iko dukani. Nilienda kwao kujulishana tu, kujulishana bado si mahari, nikaambiwa orodha ya mbuzi na blanketi na tanki ya maji na bahasha ya wazazi, jumla ilipita mshahara wangu wa mwaka mzima. Alafu kanisani kamati ya harusi, keki, tenti, magari, video. Wazee wale wale walikuwa wananiambia nisiishi na yeye bila ndoa ndio waliandika hiyo orodha. Sasa unafanya nini? Unaambia msichana tungoje miaka sita? Sisemi ni sawa. Nasema mlango mmefunga na kufuli alafu mnatupigia kelele tuko nje.

Katekista_Mzee

@Ochi_Pipeline umenena kijana wangu na sina ubishi. Ila parokia nyingi hapa zina harusi za pamoja, watu kumi, ishirini siku moja, misa moja, hakuna keki ya ghorofa. Njoo inbox nikuonyeshe padri wa kuongea naye. Na hiyo orodha ya wakwe tutafute mzee mmoja mwenye busara aende na wewe, mahari huwa haimalizwi siku moja, hata wazee wetu walikuwa wanasema hivyo.

Korido_za_Mahakama

Mama, mimi niko tofauti kidogo na hawa. Nafanya kazi ofisi ya wakili na kila wiki niko mahakama ya watoto, kwa hiyo huu uhuru mimi nauona ukifika mwisho wa safari yake. Unafika na faili ya rangi ya kahawia na mtoto mgongoni. Wasichana wa miaka 21, 23, 24, wamekaa kwa benchi kutoka saa mbili asubuhi wanangoja kesi ya matunzo, na jamaa hajakuja, ama amekuja na anasema si wake tupime damu. Na waliishi pamoja! Waliweka miswaki kwa kikombe kimoja kama huyo binti yako. Juzi mmoja alikuwa na risiti za maziwa amezipanga kwa tarehe kwa daftari la mraba la shule, ameandika kila kitu, nepi, panadol, nauli, na mkono wake unatetemeka akimpa karani. Alikuwa anaamini akiwa na risiti zote watamhurumia.

Kwa hiyo mimi ningemuuliza binti yako, huo uhuru ni wa nani? Na hii si ya juzi. Kulikuwa na sheria hapa Kenya ya 1959, iliyokuwa inamlazimisha mwanaume kulipia mtoto aliyezaa nje ya ndoa. Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Na hilo Bunge halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa, Grace Onyango aliingia kwa uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo wakati sheria ilikuwa imeshakufa. Wanaume walijipa uhuru wao kwa kura. Tukangoja mpaka Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ndio ikasema wazi mtoto ni wajibu wa baba na mama sawasawa wawe wameoana au la. Miaka arobaini na moja!

Na hizi ndoa za kam-wi-stei, kuishi pamoja bila harusi, wasichana wanafikiri wakikaa muda mrefu wanakuwa wake kisheria. Mwaka 2023 mwezi wa kwanza Mahakama ya Juu ilisema kudhaniwa mmeoana kwa sababu mmeishi pamoja ni jambo la nadra si la kawaida, na anayedai ndiye atathibitisha kwamba wote wawili walikusudia ndoa na walijionyesha kwa watu kama mke na mume. Jaribu kuthibitisha hayo na mtu ambaye alikuambia tangu siku ya kwanza "tusiwekeane presha". Hakuna mahubiri hapo, ni sheria. Ukitaka haki za mke, oleka. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu, ya Kiislamu, achague.

Takwimu ile ya serikali ya 2022 ya afya ya familia inasema wasichana 15 kwa kila 100 wa kati ya miaka 15 na 19 wameshawahi kupata mimba. Kati yao wamo watoto, na mara nyingi aliyewapa mimba si mtoto mwenzao, ni mtu mzima. Wababa. Kanisa lako linahubiri wababa lini? Nauliza kwa heshima.

Akinyi_haogopi

Nimesoma zote na naheshimu uchungu wa mama lakini lazima mtu aseme. Kila mara watu wa dini wakianza kusema tamaduni za kisasa zimeharibu maadili inaishia kwa sketi ya mwanamke. Mwaka 2014 mwezi wa 11 nilikuwa mjini siku tuliandamana, kwa sababu wanaume walikuwa wamemvua mwanamke nguo kituo cha matatu hapa Nairobi mchana kweupe wakisema hana adabu. Walikuwa wanalinda maadili, ndivyo walisema wenyewe! Kwa hiyo mkisema uhuru ni uongo mimi nasikia hizo sauti. Huo uhuru mnaoulaumu ndio ulinifanya niweze kusema hapana kwa mtu na ikaheshimiwa. Nyanya yangu hakuulizwa. Aliolewa na miaka 15 na ndoa yake ilikuwa halali, ya mila na ya kanisa baadaye, na alipigwa ndani ya hiyo ndoa mpaka babu alipokufa.

Mama mpende binti yako. Asipotaka kuolewa bado yeye ni wako.

MamaWaUmoja

@Akinyi_haogopi dada asante kwa kusema wazi. Hao waliovua mwanamke nguo si watu wa Mungu, wangekuwa wanalinda maadili wangevua koti zao wamfunike. Na nyanya yako, hapo nimenyamaza, sina la kukujibu, mama yangu pia ilikuwa karibu hivyo. Lakini niulize kitu. Hiyo hapana uliyopewa ni nzuri na naitaka kwa binti yangu. Mbona sasa wamechukua hiyo hapana tena? Binti yangu aliniambia kwa kikundi chao msichana akisema anangoja ndoa anaitwa mshamba, kijana anamwacha kwa wiki mbili. Kwa hiyo yuko huru kusema ndiyo peke yake? Mimi ndio naona hapo pameharibika.

Akinyi_haogopi

Hapo sikatai mama. Hiyo presha iko na ni mbaya.

BintiShee_Eastleigh

Waaleikum salaam dada yangu Mama wa Umoja, pole sana na Mwenyezi Mungu akuwekee binti. Mimi ni mtu wa Lamu kwa asili, naishi Eastleigh miaka mingi, na nimeolewa na kuozesha.

Neno tulilo nalo sisi ni haya. Haya si aibu, watu wanachanganya. Aibu unawekewa na watu, haya inatoka ndani, ni kujua una kitu cha thamani huwezi kukianika. Na haya kwetu inaanza kwa mwanaume. Sura ya Nuru aya ya 30 waumini wanaume ndio wanaambiwa kwanza wainamishe macho yao na walinde tupu zao, wanawake wanafuata aya ya 31. Hiyo 31 ndiyo utasikia kila Ijumaa, 30 inarukwa, nami huwa namwambia mume wangu wazi.

La pili, si kweli kwamba dini na mila zetu zilikuwa zinaona mwili ni uchafu usiongelewe. Mimi kabla sijaolewa nilikalishwa chini na somo yangu, yaani kungwi wa kumfunda bibi harusi, siku saba. Mlango umefungwa, asumini na udi, na yule mama mzee alinieleza mambo yote, YOTE, ya kumfurahisha mume na ya mume kunifurahisha mimi, na jinsi ya kukataa mtu akija vibaya, na jinsi ya kujitunza siku zangu. Nilikuwa na miaka 20 na nilitoka pale naona mwili wangu ni kama sanduku la harusi, kila kitu kimekunjwa mahali pake. Qurani inasema wake ni vazi kwenu na nyinyi ni vazi kwao. Vazi linasitiri, linatia joto, na watu wanakuona nalo nje mchana. Sasa huyo kijana wa binti yako, je, anaonekana naye mchana? Wazazi wake wanamjua? Ama ni vazi la usiku tu? Hilo ndilo swali ningemuuliza mwanangu, wala nisingepandisha sauti.

Hawa watoto wa sasa somo wao ni simu. Haina haya, haichoki, na haimjui huyo mtoto ni nani. Sisi tuliacha kazi ya kungwi tukaona ni ushamba, kazi haikubaki wazi, ikachukuliwa na mwingine.

Na kwa kaka wa Pipeline, nikaha kwetu ni walii, yaani msimamizi wa bibi, mashahidi wawili, mahari hata kidogo bora bibi amekubali, na maneno ya kuozesha na kukubali. Dakika chache tu. Hayo mengine ya kumbi na magari ni sisi wenyewe tunajibebesha, na ndiyo yanawarudisha vijana kwenye zinaa, na wazazi tutaulizwa.

Ochi_Pipeline

Dada asante. Hiyo ya kuonekana mchana imenishika. Sijawahi mpeleka kwa mathe.

MamaWaUmoja

Ndugu zangu nimerudi kuwaambia. Jumatano nilienda tena Roysambu, hii mara nilipiga simu kwanza. Kijana alikuwepo. Ni mrefu, mpole, anasomea mambo ya umeme, alikuwa ananiita mama bila kuniangalia usoni. Alitengeneza chai yeye mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yote ya Katekista juu ya lugha ya mwili lakini nikiona hivyo vikombe vitatu kwa meza ya plastiki nikaacha, nitamwambia binti tukiwa wawili.

Nikauliza ile ya dada wa Lamu. Nikamuuliza kijana, "Mama yako anamjua huyu?" Akanyamaza. Binti yangu akageuka akamwangalia, na mimi nikaona kwa huo uso kwamba swali hilo alikuwa analo siku nyingi na hajawahi kuuliza. Hakuna mtu alisema kitu muda mrefu, sufuria ya maziwa ikachemka ikamwagika, kijana akaruka kuizima. Alafu akasema mama yake yuko Bondo na hajui hata kama alihama hosteli.

Nikamwambia sitaki orodha ya mbuzi, Ochi hapo nilikukumbuka, nikamwambia alete mama yake tu, nauli nitamsaidia nusu. Na nikamwambia binti mbele yake kwamba kitanda chake nyumbani bado kiko, mashuka ni safi, na kwamba siku akitaka kurudi kungojea huko hakuna mtu atamuuliza kitu. Alilia kidogo. Hakusema ndiyo hakusema hapana.

Akanisindikiza mpaka stegi. Njiani akaniuliza, "Mum, wewe na baba mlingojea?" Nikamwambia ukweli, ambao sitauandika hapa, na tukasimama hapo kando ya barabara matatu tatu zikapita bila mimi kupanda.